Noti Yenye Kona Iliyoungua

Naijua noti hii. Elfu kumi,
kona ya kushoto imeungua, duara dogo la kahawia,
labda sigara, labda mtoto na jiko la mkaa.
Jumatatu alitulipa nayo mwenye duka wa Masuguru,
chupa ishirini za juisi, kila chupa mia tano.
Nikaandika daftarini: imeingia.

Mimi ndiye mweka hazina. Tuko watano,
kwa kuwa fomu ya halmashauri ilitaka watano,
na katiba, na mhuri wa mtendaji wa kijiji,
ambaye mara ya kwanza alikuwa msibani,
mara ya pili wino umekauka,
mara ya tatu akaupiga mhuri kichwa chini.
Tukaipeleka hivyo hivyo. Mkopo ukatoka hivyo hivyo.

Zamani machungwa tuliyauza yakiwa maua.
Ndivyo Muheza. Mtu wa lori huja na vuli,
mti mweupe pe, nyuki wanavuma,
anataja bei ya mti mzima
na wewe unasikia ada ya Januari ikibisha hodi.
Mti unabaki wako, palizi yako, kupe wako,
chungwa si lako.
Mwezi wa sita unakaa kibarazani
unatazama shamba lako likipanda lori,
na mwanao akiokota moja lililoanguka
unamwambia: liache, lina mwenyewe.

Mwanasha ndiye aliyesema basi.
Hakuhutubu. Alikataa tu, akarudi kupepeta mchele.
Mwaka ule mwanawe alikaa nyumbani muhula mzima,
na majirani wakamwita mkaidi, mimi nikiwa wa kwanza.
Hilo halimo daftarini. Naliandika hapa.

Basi, ile noti.
Jumanne nikamlipa Semhando, fundi baiskeli,
maana mashine ilikata mkanda
na aliyetuuzia hapokei simu.
Semhando akaizunguka kama mganga wa ng'ombe,
akachana mpira wa ndani wa gurudumu, akasokota, akafunga,
akasema, "Washa."
Ikakohoa. Ikakamua.
Jumatano Semhando akalipa deni la maandazi
kwa Mama Chambi, deni lenye umri wa mwezi.
Alhamisi Mama Chambi akamlipa Kibwana
wa Mkanyageni, nazi na kuni.
Ijumaa binti wa Kibwana akapimwa sare
na Ndekia, mguu mmoja umepooza,
mkono wake kwenye cherehani haujapooza kitu.
Jumamosi Ndekia ana hitima ya shangazi,
akatuma mtoto: chupa ishirini, za baridi.
Nikaikunjua ile noti juani.
Kona ile ile.
Nikacheka peke yangu, Mwanasha akadhani nimeokota.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari kwa penseli.
Elfu kumi moja, siku sita,
imefanya kazi ya elfu hamsini
bila kupanda gari,
bila kupungua hata senti. Imechakaa tu,
inanuka nazi, grisi na mdalasini.

Nilitaka kuifungia sandukuni.
Lakini chupa tupu zimekwisha,
na chupa bado hutoka Dar.
Mwanasha akaihesabu pamoja na nyingine,
akazifunga raba, akampa kondakta wa basi la alfajiri.
Kona ikachungulia mfukoni mwa shati lake
mpaka kwenye tuta, halafu sikuiona.

Nikaandika: imetoka.
Kwenye safu ya maoni, ambayo tangu tuanze haijaandikwa kitu,
nikaandika: irudi.

Marejesho ni tarehe kumi na tano. Tumepungukiwa elfu ishirini na nne.
Na Semhando, tangu jana, anauliza kila apitaye
chupa hutengenezwaje, huyeyushwa nini, kwa moto gani.
Tumemcheka sana.
Mwanasha hakucheka.